Inveta Isiyopenda Wakubwa

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Saa nina uhakika nayo kwa sababu niliiandika. Mimi huandika kila kitu kwenye daftari tangu nilipojua kwamba wakubwa wakikosea, wanaoandika ni wao, na wakishaandika wao, aliyekosea unakuta ni wewe.

Siku hiyo mkurugenzi mpya, Bwana Alexander, alisimama katikati ya chumba cha mashine cha kiwanda chetu cha barafu, hapa Mkuyuni kando ya ziwa, akiwa na wageni wanne wenye viatu vya kung'aa. Akanyoosha mkono kwenye kompresa, ile mashine inayotengeneza baridi, akasema, "Mtambo huu, ndugu zangu, haujawahi kusimama."

Ukasimama.

Sanduku la ukutani lilipiga kelele ti-ti-ti, mota ikaguna kama ng'ombe anayelala chini, halafu kimya. Kimya kabisa, mpaka tukasikia ziwa likipiga mawe huko nje. Kwenye kioo cha lile sanduku zikatokea herufi mbili: OH.

"Imesema nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Imeshangaa," akajibu Ngosha, mpakia barafu wetu, aliyekuwa mlangoni na bonge begani.

Sanduku lenyewe tunaliita inveta. Umeme wa kompresa unapita humo kwanza, na inveta ndiyo inayoamua mota izunguke taratibu au kwa kasi. Ikiona jambo haliendi sawa, inawasha taa ya njano kuonya. Usipoisikiliza, inakata. Kwa maoni yangu ni mfanyakazi pekee pale kiwandani anayeruhusiwa kugoma.

Mimi ni Zadok Otuoma, mtu wa Rorya, mwangalizi wa chumba hicho mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliishia darasa la nne. Kitabu cha kueleza zile herufi za inveta kipo, sitaki kusema uongo. Kimefungiwa kwenye kabati la meneja, na ufunguo wa kabati aliondoka nao meneja aliyepita. Kwa hiyo kitabu kiko salama. Hakijawahi kuchafuliwa na mtu mwenye shida nacho.

Tuliizima inveta, tukasubiri, tukaiwasha, ikafanya kazi kama haijatenda kosa. Wageni walikuwa wameshakwenda kunywa soda. Bwana Alexander aliponipita mlangoni aliniangalia kama mimi ndiye niliyesema OH.

Sasa nieleze tulivyojiandaa kwa ujio ule, maana huwezi kumlaumu mtu kwa mzigo kabla hujasema nani alimtwisha. Wiki moja kabla ilibandikwa barua ukutani, yenye muhuri na saini ya mkurugenzi: kila mtu apambe mahali pake pa kazi. Ofisini wakaweka maua ya plastiki. Ngosha akapaka chokaa mawe ya kuelekea getini, na mguu wake mmoja. Meneja wetu, Nestory, akaniamuru niipandishe kompresa hadi kasi ya mwisho, eti wageni wasikie nguvu. Na mimi nikatandika kitambaa cha Awuor juu ya inveta, kikaning'inia mbele kidogo, kama kwenye televisheni.

Awuor ni mke wangu. Alikuwa. Miaka kumi na saba aliniletea chakula cha mchana mle chumbani, akikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kufuma vitambaa huku nikila. Hiki kilikuwa cha mwisho, cheupe chenye maua ya zambarau, na alikishonea bitana nzito ya satini ili kisichoke upesi. Aliugua mwaka juzi. Niliomba ruhusa ya siku tatu siku ya Jumatatu. Barua yangu ilisainiwa Ijumaa. Awuor alifariki Alhamisi. Tangu hapo mtu akiniambia wakubwa wana kazi nyingi, huwa natoka nje kwanza.

Baada ya msiba binti yetu, Akinyi, aliichukua televisheni akaenda nayo Musoma, na sikumkatalia. Kitambaa kikabaki hakina pa kukaa. Nyumbani kwangu hakuna tena kitu chenye kioo. Kazini kipo kimoja, nacho ni inveta, na kitu chenye kioo hakiachwi uchi mbele ya wageni.

Mara ya pili ilikuwa Jumatatu tarehe 17 mwezi ule ule. Mkurugenzi alikuja na watu wa kununua barafu kwa mkataba. Tukapamba. Nestory, kwa kuona wadudu wa ziwa wameingia kama moshi na wanatua juu ya kitambaa changu, akaleta nailoni, akaikata kwa mkasi mwenyewe, akaifunika juu. "Mzee Zadok, usafi," akasema. Baada ya nusu saa: taa ya njano. Baada ya dakika nyingine chache: OH. Watu wa mkataba wakasema watapiga simu.

Mara ya tatu, Ijumaa tarehe 4 Aprili. Mkurugenzi ndani, OH.

Katikati ya siku hizo, mkurugenzi akiwa kwake, inveta haikukohoa hata mara moja. Nikakaa na daftari langu, nikafuata mistari kwa kidole. Mtu wa darasa la nne anajua kuhesabu mpaka tatu.

"Ngosha," nikasema, "inveta hii haipendi wakubwa."

Ngosha alilitua bonge chini apate kucheka vizuri. "Mzee, wewe umekaa nayo miaka mingi mpaka umeiambukiza."

Lakini ni yeye aliyelitoa neno nje. Kabla wiki haijaisha, wachuuzi wa samaki waliokuja kuchukua barafu walikuwa hawaulizi bei tena. Mama mmoja alipiga simu kutoka kisiwani Kome nikiwa hapo hapo.

"Mwanangu, leo bosi yupo?"

"Hayupo, mama," Ngosha akajibu.

"Hata kesho?"

"Kesho nasikia yuko Dar."

"Mungu mkubwa. Niwekee mabonge thelathini."

Maneno kama hayo hayachukui muda kufika juu. Ombi la ruhusa ndilo huchukua siku tano. Nestory akaniita ofisini. Si mtu mbaya kwa sura, ana miaka arobaini, ila akiongea na mimi huwa anapangapanga kalamu.

"Mzee Zadok, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee wangu, unamchafua mkurugenzi. Watu wanasema ana mkosi."

"Mimi sijasema mkosi. Nimeandika tarehe."

"Sasa sikiliza. Amekasirika. Ameagiza fundi aje kutoka mjini. Na amesema hivi: ikikata tena, wewe unahamia getini. Utafungua geti na kufunga geti mpaka ustaafu."

Geti si kazi ya aibu. Lakini getini hakuna ile ndoo. Ndoo iko chumba cha mashine, pale pale alipoiacha, na sijawahi kuigeuza. Nilimwambia Nestory sawa, maana ukimwambia mkubwa si sawa, anakuandikia barua.

Fundi alikuja Jumanne moja mwishoni mwa Aprili, kutoka mjini kwa bodaboda, kompyuta begani na bisibisi mfukoni. Ni binti, jina lake Suzana Luhende. Aliniamkia vizuri kabla hajaiangalia mashine, na hapo nikajua huyu si wa ngazi za juu.

"Baba, niambie inavyokuwa."

Nikamwambia. Haipendi wakubwa.

Hakucheka. Alibonyezabonyeza vitufe vya inveta akasema, "Yenyewe ina kumbukumbu. Kila ikikata inaweka tarehe na saa." Akasoma. Tarehe 6 Machi, 17 Machi, 4 Aprili. Akaomba daftari langu, akafungua pale nilipomwonyesha, ukurasa wenye majina ya wakubwa waliokuwepo na saa walizoingia. Akaangalia kioo, akaangalia ukurasa, akaangalia kioo tena.

"Baba," akasema taratibu, "mmelingana."

Katika maisha yangu hakuna mtu wa chuo aliyewahi kuniambia neno kama hilo.

Akanieleza kwamba OH ni joto. Mgongo wa inveta una mapezi ya chuma ya kupozea, na chini yake kuna feni inayosukuma hewa ipande na kutokea juu. Mgongo ukizidi joto, inaonya. Ukizidi tena, inakata isije ikaungua.

"Kwa hiyo wakubwa wanaipandisha joto," nikasema.

"Kwa hiyo tutafute," akasema yeye.

Akatafuta kweli. Alipima umeme unaoingia, upo sawa. Alibana waya za mota kwa kile kifaa chake kama koleo, mzigo uko sawa. Akakaza skrubu zote, akasikiliza feni, akaitoa na kuipuliza, wadudu wa ziwa wakavu wakatoka wa kujaza kikombe. "Hii ingetosha kuisumbua," akasema, "lakini wadudu hawachagui siku za wageni." Akauliza siku hizo kasi inakuwa ya ngapi. Nikamwambia ya mwisho, amri ya Nestory. Akaipandisha hadi mwisho, akakaa juu ya sanduku la vifaa na saa mkononi. Saa nzima. Inveta ikatulia tuli.

"Basi aje meneja."

Nestory akaja, akasimama mbele ya inveta mikono nyuma kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Robo saa. Hakuna kitu.

"Labda hajafikia cheo," Ngosha akasema kutoka mlangoni.

Suzana akaomba aje mkurugenzi. Bwana Alexander akaja mchana ule ule na shati tu, hana tai, hana wageni, amenuna. Akasimama nusu saa nzima. Inveta ikamwangalia, ikaendelea na kazi.

"Umeona, mzee wangu?" akaniambia. "Miezi miwili unanitangazia mkosi mpaka visiwani."

Niliiangalia inveta nikasema moyoni, hata wewe wamekununua.

Ila Suzana alikuwa anatafuna kalamu. "Hapana," akasema. "Hatujafanya kama siku zile. Kesho tufanye kila kitu kama siku ya wageni. Barua, mapambo, suti, hotuba, kila kitu. Msiache hata kimoja."

Usiku ule sikulala vizuri. Ikikata, nimeshinda, na nimehamia getini. Isipokata, nimebaki, na mimi ni mwongo. Mahesabu ya namna hiyo hayakufundishwa darasa la nne.

Asubuhi barua ikabandikwa tena. Maua ya plastiki yakatoka kabatini. Ngosha akajipaka chokaa tena, nadhani safari hii kwa makusudi. Nikafungua droo yangu, nikakitoa kitambaa cha Awuor, nikakikung'uta, nikakitandika maua yatazame mlangoni. Nestory akaja na nailoni yake. Kasi ikapandishwa. Nikaandika kila hatua kwenye daftari na saa yake. Bwana Alexander akaingia kwa suti ya bluu, na badala ya wageni akasimama mbele ya wapakia barafu sita.

Suzana alikuwa ameiweka inveta ionyeshe joto la mgongo wake. "Hamsini na nane," akasoma.

"Mtambo huu, ndugu zangu," akaanza mkurugenzi, bila raha.

"Endelea, bosi. Sitini na tatu."

Akaendelea. Alieleza historia ya kiwanda mara mbili. Sitini na tisa. Sabini na nne. Wapakia barafu wakaanza kumwangalia yeye badala ya inveta, na mmoja akajisogeza upande wa pili wa chumba.

"Mbona mnaniangalia mimi?" Akarudi nyuma hatua tatu. "Haya, nimesogea."

"Sabini na nane."

"Nipo mlangoni!"

"Themanini na moja."

Mkurugenzi akatoka nje kabisa, akasimama juani kwenye mawe ya chokaa na suti yake.

"Themanini na tatu," Suzana akasema.

"Bosi, hata hapo inakuona," Ngosha akapaza sauti. "Sogea mpaka Magu!"

Taa ya njano ikawaka. Mimi nilikuwa nimeshika daftari kwa mikono miwili. Furaha ilinipanda mpaka kooni, sitaficha. Miezi miwili, na miaka kumi na tisa, na ile barua ya Ijumaa, vyote vilikuwa pale vinapanda pamoja na zile namba.

Suzana akainua kiganja chake, akakiweka juu ya inveta kama mtu anayepima homa. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akaivuta nailoni. Joto halikushuka. Akashika pindo la kitambaa, akakinyanyua taratibu, na hewa ya moto ikaruka kutoka chini yake kama kifuniko cha sufuria kimeondolewa.

Themanini na nne. Themanini na mbili. Sabini na saba. Taa ya njano ikazimika.

"Bosi," Suzana akaita, "rudi ndani. Si wewe."

Bwana Alexander akarudi akiwa amelowa jasho, akaiona ile nailoni chini. "Hii ni ya nani?"

Nestory akaanza kupangapanga kalamu, ila hakuwa nazo, akapanga vidole. "Ilikuwa kwa ajili ya usafi, mkuu. Wadudu."

"Kwa hiyo ni wewe! Miezi miwili naitwa mkosi, kumbe wewe umeiziba pumzi kwa nailoni!"

"Mkuu, mimi niliona—"

"Uliona nini?"

Nikamwangalia Nestory. Sura yake ilikuwa imeshuka, midomo imekauka, amesimama kama mtu aliyeleta ombi akaambiwa asubiri nje. Ninaijua sura hiyo. Niliwahi kuivaa siku tano. Na ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ni kazi niliyoisomea kuliko zote.

Suzana, kitambaa mkono mmoja, alilichukua daftari langu, akafunua ukurasa wa tarehe 6 Machi. Alisoma kimya, akasimama kwenye mstari mmoja, akaninyooshea daftari bila kusema. Angeweza kulisoma kwa sauti, lakini alinipa.

Nikakohoa. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe. "Tarehe sita. Saa nne kamili nimetandika kitambaa. Saa nne na nusu kasi imepandishwa kwa amri ya meneja. Saa tano na robo mkurugenzi kaingia. Saa tano na nusu taa ya njano. Saa tano na dakika arobaini, OH." Nikafunga daftari. "Siku hiyo nailoni haikuwepo. Nailoni ilikuja mara ya pili."

"Kitambaa cha nani?" mkurugenzi akauliza.

"Cha mke wangu."

"Mwambie mkeo—"

"Bosi," Ngosha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mama Akinyi alishafariki."

Bwana Alexander alikiangalia kitambaa mkononi mwa Suzana, yale maua ya zambarau. Halafu, kwa kuwa mkubwa hawezi kubaki bila swali, akauliza, "Sasa nani alimwambia mtu apambe mashine?"

Nestory akapata nguvu. Akaenda ukutani, akaibandua ile barua, akaileta. "Hii, mkuu. Kila mtu apambe mahali pake. Saini yako."

Mkurugenzi akaisoma. Ilionekana wazi ni mara yake ya kwanza.

"Nasaini barua nyingi," akasema.

"Najua," nikasema mimi.

Suzana alijaza fomu yake pale pale. Sababu ya hitilafu: joto, njia ya hewa imezibwa. Kulikuwa na nafasi nyingine, ya mhusika. Akauliza aandike nani. Mkurugenzi akasema hilo litaamuliwa juu.

"Mkuu," Nestory akasema kwa unyenyekevu, "juu si ndiyo wewe?"

"Juu zaidi. Bodi."

Basi nafasi ikaachwa wazi, na mimi nikabaki chumba cha mashine mpaka Bodi iseme. Suzana akabandika karatasi kwenye inveta kwa herufi kubwa: USIFUNIKE. Kisha akakikunja kitambaa mara nne, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Baba, kizuri sana," akasema. "Kisikae hapa tu."

Nimekiweka kwenye droo, pamoja na grisi na bisibisi, na kimeanza kunuka grisi. Nyumbani nilijaribu kukitandika mezani, lakini meza haina mtu wa kuiangalia. Ile ndoo nayo nilifikiria. Kitambaa juu ya ndoo? Angenicheka yeye mwenyewe.

Wachuuzi sasa wanachukua barafu siku yoyote, ingawa yule mama wa Kome bado huuliza kwanza kama bosi yupo, anasema ni mazoea.

Wiki iliyopita ikabandikwa barua mpya. Bodi wanakuja tarehe 29 Mei, pamoja na mambo mengine kuamua suala la mhusika. Mstari wa mwisho: kila mtu apambe mahali pake pa kazi.

Nilikwenda kwa Nestory na barua mkono mmoja, na nakala ya ile karatasi ya Suzana mkono wa pili. "Meneja, hapa nimeambiwa nisifunike, na hapa nimeambiwa nipambe. Chumba kile kina kitu kimoja tu chenye kioo. Nifanyeje?"

Akasoma zote mbili, akazigeuza akaangalia nyuma, labda jibu liko huko. "Mzee Zadok, hili limenizidi. Liandikie barua."

Nikaliandikia, kwa mwandiko wa darasa la nne, mstari mmoja. Nestory akagonga muhuri, akapeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akasaini, safari hii nasikia alisoma, akapeleka kwa Bodi. Bodi nao wakagonga muhuri wao na kuirudisha ili ifanyiwe kazi. Jana imenifikia mezani, mihuri mitatu na saini tatu, imezunguka kote na kurudi kwa aliyeiandika, na chini ya mstari wangu hakuna aliyeongeza hata neno.

Tarehe 29 ni keshokutwa. Kitambaa cha Awuor nikiweke wapi?